Kumleta Mwenza Kanada Kabla Udhamini Haujapita

Katika maswali ya uhamiaji wanayoulizana Waswahili wa Toronto, Ottawa na Edmonton, hili halikosekani: mume au mke yuko Nairobi, Mwanza au Bukavu, maombi ya kumdhamini yameshapelekwa, miezi inakatika na jibu halijatoka. Je, hawezi kuja tukasubiri pamoja? Anaweza. Sheria ya Kanada haimzuii. Kinachoharibu safari nyingi ni ushauri wa barazani, kwamba aifiche ndoa ili viza itoke. Makala haya yanagusa mambo kadhaa, lakini shabaha yake kubwa ni ushauri huo.

"Wakijua anataka kuhamia, si watamnyima viza ya matembezi?"

Hofu hii haikuzuka hivi hivi. Kila anayeomba viza ya matembezi hutakiwa kumridhisha afisa kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Sasa mtu aliyekwisha kuomba ukaazi wa kudumu anaonekana kama anajipinga mwenyewe: jana aliandika kwamba anataka kuishi, leo anasema anakuja kusalimia tu. Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi, iliyoanza kutumika mwaka 2002, imelijibu jambo hilo katika kifungu cha 22(2). Inasema kwamba nia ya kuwa mkaazi wa kudumu haimzuii mtu kuingia kama mgeni wa muda, ilimradi afisa aridhike kuwa ataondoka mwisho wa muda aliopewa. Kwa hiyo nia mbili zinaruhusiwa kukaa katika moyo mmoja: kutembea sasa, na kuhamia baadaye akikubaliwa.

Ukilielewa hilo, utajua pia ombi la viza lijengwe wapi. Afisa ameshajua kwamba mkeo anatamani kuishi nawe. Asingetamani, hata udhamini wenyewe ungetiliwa shaka. Anachotaka kujua ni kimoja: udhamini ukigonga mwamba, huyu atarudi? Hapo ndipo barua ya likizo kutoka kwa mwajiri ina uzito, pamoja na leseni ya biashara inayoendelea, hati ya nyumba au shamba, watoto walioko shule, na mihuri ya safari za nyuma ambazo alirudi kwa wakati. Wewe mdhamini andika barua ya mwaliko isiyozungukazunguka: tumeoana tarehe fulani, ombi la udhamini lina namba hii, anakuja kwa muda huu, gharama ni zangu, na kabla ya muda kwisha tutaomba nyongeza au atarudi. Ambatanisha barua ya idara inayothibitisha kwamba ombi lenu limepokelewa. Mwezi Mei 2023 serikali ya Kanada ilitangaza kuharakisha viza za wenza walioko kwenye foleni ya udhamini, kwa hiyo barua hiyo ni ya kuwekwa juu ya karatasi zote, wala si ya kufichwa chini.

Kunyimwa bado kunatokea. Kunyimwa viza ya matembezi hakuui ombi la udhamini. Hayo ni maombi mawili, na kila moja lina masharti yake. Kinachoweza kuyaua yote mawili ni uongo. Fomu ya viza inauliza hali ya ndoa, inauliza jamaa, inauliza kama mtu amewahi kukataliwa viza. Anayejaza "sijaolewa" huku cheti chake cha ndoa kimo ndani ya faili la udhamini katika idara ile ile amejifungia mlango kwa mkono wake. Kifungu cha 40 cha sheria kinampiga marufuku mtu wa namna hiyo kwa miaka 5, na ndani ya miaka hiyo hawezi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Ni bei kubwa mno kwa safari ya kwenda kula Idi pamoja.

Nani anahitaji viza, na nani hahitaji?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza. Ada yake ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole na picha ni dola 85 nyingine. Kuna kundi moja ambalo wengi hulisahau: Mkongo au Mrundi aliyeko Marekani mwenye green card. Tangu Aprili 2022 mtu huyo huingia Kanada kwa pasipoti halali ya nchi yake pamoja na green card halali, bila viza. Raia wa Marekani ndiyo kabisa, pasipoti yake inatosha. Lakini aliyeko Marekani kwa kibali cha kusubiri kesi, au kwa viza ya masomo, yeye atafute viza kama yuko Kigoma.

Mpakani aseme nini?

Aseme kweli, na aseme kwa ufupi. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti humfikisha mtu mbele ya afisa wa mpakani. Anayeamua kuingia ni afisa huyo, iwe uwanja wa ndege wa Pearson au daraja la Windsor. Wenza wengi huponzwa na mizigo kuliko maneno. Mtu anasema amekuja wiki 6, halafu sanduku linafunguliwa: vyeti vyote vya shule tangu darasa la saba, barua za kuombea kazi zilizokwisha kuchapishwa, vyombo vya jikoni, nguo za baridi za misimu miwili. Afisa anaweza kukagua mizigo, na wakati mwingine hata simu. Akikuta ujumbe wa shemeji unaosema "ukishaingia tu, kazi ya usafi ipo tayari", mazungumzo yatabadilika.

Akiulizwa kama ameolewa na mtu wa Kanada, ajibu ndiyo. Akiulizwa kama kuna ombi la udhamini, ajibu ndiyo na aonyeshe barua. Akiulizwa atafanya nini jibu likichelewa, aseme ataomba kuongezewa muda kwa njia ya sheria au atarudi nyumbani, na tiketi ya kurudi iwe mkononi, si ahadi ya kuikata baadaye. Afisa anaweza kumruhusu kama kawaida. Anaweza kumpa karatasi yenye tarehe maalumu ya kuondoka, fupi kuliko alivyotarajia. Hiyo si adhabu. Anaweza pia kumwambia arudi alikotoka kwa hiari yake, na hili, chungu lilivyo, ni afadhali mara mia kuliko amri ya kufukuzwa, ambayo huandamana na marufuku ya mwaka 1 kwa makosa ya kawaida na miaka 5 kwa udanganyifu. Mtu akipewa nafasi ya kurudi kwa hiari, asigeuze kaunta kuwa uwanja wa mabishano.

Wapo wanaoshauriwa wavuke porini, au wakifika waombe hifadhi ya ukimbizi ili wasirudishwe. Anayeikimbia hatari ya kweli ana haki ya kuomba hifadhi. Asiyeikimbia, akiomba kwa ujanja, hupewa amri ya kuondoka yenye masharti siku anayopokelewa, na maneno yake ya uongo yatasomwa tena siku faili la ndoa litakapofunguliwa.

Akishaingia, anakaa muda gani?

Miezi 6 tangu siku aliyoingia, ikiwa afisa hakuandika tarehe nyingine. Viza yenyewe inaweza kuonyesha miaka kadhaa, lakini tarehe hiyo inahusu muda wa kuitumia kuingilia, haihusu muda wa kukaa. Watu wengi wamepitiliza kwa kuchanganya hizo mbili. Ombi la kuongeza muda lipelekwe angalau siku 30 kabla ya mwisho. Likishapokelewa kabla muda haujaisha, anaendelea kuwa mgeni halali hadi ajibiwe. Muda ukishapita, ana siku 90 za kuomba kurudishiwa hadhi yake.

Asifanye kazi mpaka apate kibali. Kibali chenyewe kipo: mwenza aliyeko Kanada, anayeishi nyumba moja na mdhamini wake, ambaye hadhi yake ni halali na ombi lake la ukaazi limethibitishwa kupokelewa, anaweza kuomba kibali cha wazi cha kazi, kwa ada ya dola 255. Zamani kilitolewa kwa walioomba wakiwa ndani ya nchi tu. Tangu 2023 hata ambaye faili lake lilipitia njia ya nje, yaani ile ya wenza wanaodhaminiwa kutoka nje ya nchi, anaweza kukiomba akiwa hapa. Na bima: mgeni kwa kawaida hana kadi ya afya ya jimbo. Kama mke ni mjamzito, mnunulie bima kabla hajapanda ndege na msome kwa makini inaondoa nini, kwa sababu bima nyingi za wageni hazilipii uzazi.

Njia ya ndani au ya nje?

Mtu aliyeko Kanada kama mgeni hafungwi na njia ya ndani, ile ya wenza wanaoishi Kanada na wadhamini wao; anaweza kutumia ya nje. Hili halijulikani vya kutosha. Njia ya ndani inataka mkae pamoja Kanada muda wote. Akitoka kwenda kumzika mama yake Tabora na mpakani wakamkatalia kurudi, faili linaweza kuanguka. Likikataliwa, hakuna rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Kinachobaki ni kuomba Mahakama ya Shirikisho ikubali kupitia uamuzi, njia nyembamba na ghali. Njia ya nje inamruhusu kuingia na kutoka, na ikikataliwa mdhamini ana siku 30 za kukata rufaa. Hasara yake ni kwamba akiitwa usaili kwenye ofisi ya viza iliyoko Afrika, itabidi asafiri. Kwa familia zenye wazee nyumbani, mimi huona njia ya nje ina nafuu, hata kama mwenza anasubiri akiwa sebuleni kwako. Anayeweza kunufaika zaidi na ya ndani ni yule ambaye muda wake umeshapita, kwa kuwa kuna sera inayosamehe kukosa hadhi kwa wenza walioko ndani ya nchi. Sera hiyo haisamehe pasipoti ya kughushi wala aliyewahi kufukuzwa akarudi bila ruhusa.

"Tulifunga nikahi kwa simu. Ni ndoa?"

Mbele ya Mungu na wazee, ni mazungumzo ya nyumbani kwenu. Mbele ya idara ya uhamiaji ya Kanada, tangu Juni 2015, hapana. Ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mwenyewe kwenye hafla, iwe kwa simu, kwa video au kwa wakili wa kumwakilisha, haitambuliwi kwa ajili ya udhamini, hata kama nchi ilikofungwa inaitambua na kadhi ametoa cheti. Kuna upenyo kwa askari wa Kanada walioko kazini, lakini hao si wengi miongoni mwetu. Dawa yake ni kufunga upya mkiwa wote wawili mmesimama mahali pamoja, na hapa ndipo safari ya matembezi inapokuwa na faida ya pili: mnaweza kufunga ndoa ya kiserikali akiwa Kanada kwa muda halali. Mkifanya hivyo, msiifiche nikahi ya kwanza. Itajeni na mueleze.

Mke wa pili hadhaminiki kama mwenza, hata kama sheria ya ndoa ya Tanzania au ya Kenya inamtambua. Aliye chini ya miaka 18, vivyo hivyo.

Kuna jambo zito zaidi linalowakuta wakimbizi. Mtu alikuja kutoka kambini, kwenye fomu hakumtaja mke, pengine kwa kuambiwa kwamba wasio na ndoa hupita haraka. Kanuni ya 117(9)(d) humwondoa mke huyo katika udhamini moja kwa moja. Mwaka 2019 Kanada ilianzisha sera ya muda ya kuwafungulia mlango baadhi ya watu hao, kwa masharti. Mwenye hali hiyo aende kwa mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote, hata ya viza ya matembezi.

Na maneno ya jamaa walioko Marekani?

Muwasikilize kwa heshima, msiyafuate. Huko Marekani, anayeomba viza ya matembezi huhesabiwa kuwa ana nia ya kuhamia mpaka aoneshe vinginevyo, na aliyeingia kwa viza hiyo huku amepanga kubaki anaweza kuambiwa alidanganya. Kwa hiyo shemeji wa Minnesota anaposema "msitaje ndoa", anasema kutokana na hofu ya nchi yake, na hata huko kuficha ni kosa. Quebec nayo ina utaratibu wake wa ahadi ya udhamini juu ya ule wa shirikisho, na tangu 2024 imeweka ukomo wa maombi inayopokea. Aliyeko Montreal asipige hesabu kwa faili la rafiki wa Calgary.

Kuhusu wa kuwasaidia: anayelipwa kushauri juu ya uhamiaji wa Kanada lazima awe wakili, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha washauri wa uhamiaji na uraia. Majina yao yapo kwenye orodha za wazi mtandaoni, tafuteni kabla ya kutoa senti. Wakala wa mtaani akijaza fomu vibaya, jina linaloandikiwa uongo ni la mwombaji. Mwombeni nakala ya kila alichopeleka, na muisome wote wawili, neno kwa neno, kabla mwenza hajaenda kutoa alama za vidole.