Meza ya Ufundi Isiyoyumba

Bwana mkulima, na wewe Bibi mkulima, pengine unalo banda la mkokoteni au la trekta, lakini humo ndani hamna meza ya kufanyia kazi. Mpini wa jembe ukivunjika huushika kwa goti juu ya gogo, na msumeno ukiteleza hukata kidole badala ya mti. Ikitokea hivyo wakati wa palizi, hasara yake waijua.

Zamani nilidhani kwamba meza imara hutaka mbao nyingi nene. Seremala mmoja wa Mukuru kwa Njenga, kando ya Eneo la Viwanda la Nairobi, ndiye aliyenisahihisha. Banda lake ni la mabati, na chini ni ule udongo mweusi unaovimba mvua inyeshapo na kupasuka wakati wa kiangazi. Wewe uliye Mwea unaujua sana. Hata hivyo meza yake, aliyoiunga kwa mbao za makasha, haikutikisika hata kidogo alipokuwa akipiga randa. Akaniambia niiname nitazame chini yake. Nikaona kwamba mzigo haukuachiwa msumari mahali popote: kila ubao umekalia ubao mwenzake. Nawe waweza kuunga hivyo hivyo, bila patasi.

Kwanza tafuta mbao. Saiprasi au mgrevilea wa shambani hufaa. Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake, kwa hiyo huenda mti unao. Lakini usiunge mbao mbichi! Zipange kivulini, uzitenge kwa vijiti ili upepo upite, na upake rangi kwenye ncha zisipasuke. Meza yangu ya kwanza niliiunga kwa mbao mbichi. Haikupita miezi mitatu, boliti zikawa zinacheza matunduni na mwanya wa juu ukapitisha kidole gumba.

Sasa miguu, na hapa usiwe na haraka. Kila mguu una matabaka mawili ya mbao za inchi 4 kwa 2. La ndani ni kipande kimoja cha inchi 32. La nje ni vipande viwili: cha inchi 8 chini, halafu acha nafasi ya inchi 4, kisha kipande cha inchi 16. Juu kabisa itabaki nafasi nyingine ya inchi 4. Katika nafasi hizo mbili utalaza mbao ndefu za futi 5, mbele na nyuma, uzikaze kwa boliti za inchi 5. Uzito wote utashukia vipande vya nje. Kazi ya boliti ni kushika tu. Pima ubao wenyewe wala usiamini jina lake, maana uliopigwa randa hupungua, na nafasi ikilegea faida yote imepotea.

Miguu ya mbele na ya nyuma iunganishe kwa mbao fupi za inchi 24, juu na chini, kila upande. Kabla ya kukaza, pima kwa kamba toka pembe hadi pembe inayoikabili, kisha pima zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, meza haikwenda upande. Ndipo upigilie ubao mmoja wa mshazari nyuma na mmoja kila ubavu. Bila hizo meza itayumba tu, hata ukiongeza misumari ratili nzima.

Uso wa meza ni mbao 3 za inchi 8 kwa 2, urefu futi 6. Zamisha vichwa vya skrubu visije vikaharibu randa. Kimo kitakuwa inchi 34; kwa mtu wa wastani hufika kwenye kifundo cha mkono akisimama wima. Ukiwa mfupi, punguza vile vipande vya chini, na tabaka la ndani kwa kiasi hicho hicho.

Weka jiwe bapa chini ya kila mguu, ili unyevu na mchwa visiupate mti upesi. Mwezi mmoja ukipita kaza boliti tena. Mvua za kwanza zikiisha zitazame zile pembe nne: jiwe lililozama linyanyue kwa mtaimbo, ulishindilie kokoto chini yake.