SOMO LA WANACHAMA: MMOJA ANASAFIRI, WOTE TUNAJITAYARISHA

Ndugu wanachama wa Gatete, Rumonge na pwani yote ya ziwa,

Wazee wetu waliijua China kwa habari za reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975. Siku zile Mchina ndiye aliyekuja Afrika na mitambo. Siku hizi sisi ndio tunaoifuata mitambo kwake. Mkamuaji wa mawese anataka mashine, mvuvi anataka injini na nyavu, mama wa sokoni anataka vyombo na nguo. Wengi wanakwenda mji wa Guangzhou.

Lakini anayetoka hapa kwetu hasafiri na fedha yake peke yake. Anabeba jasho la kikundi. Kwa hiyo somo hili si la msafiri tu, ni la wote wanaobaki.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita tulichanga fedha, tukamtuma mwenzetu akanunue mashine ya kukamulia mawese. Muuzaji alimwonyesha mashine nzuri, naye akalipa fedha yote siku ile ile. Mashine iliyofika Gatete ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoiona. Karatasi ya kudai hatukuwa nayo. Yakaanza maneno: "Amekula fedha." Tulikaa naye siku tatu, tukahesabu kila kitu, tukaona hakuiba hata franka moja. Kosa lilikuwa letu sote: tulimpa fedha, hatukumpa matayarisho. Mashine ile tunaitumia hivyo hivyo, lakini ndugu yule mpaka leo haji mkutanoni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya mashine.

Basi tujifunze.

1. KUUJUA MJI

Guangzhou uko kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong. Zamani Wazungu waliuita Canton. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 18, yaani wengi kuliko watu wa Burundi nzima. Wafanyabiashara wa Kiafrika wanajulikana zaidi katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Tangu mwaka 1957 mji huo una maonyesho makubwa ya biashara. Sasa yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili mpaka Mei, na Oktoba mpaka Novemba, kwa mafungu matatu. Mitambo huwa katika fungu la kwanza. Anayefuata mashine akifika fungu la tatu, atakuta imekwisha ondolewa.

Saa za kule ziko mbele yetu kwa saa sita. Hapa ikiwa saa nne asubuhi, kule ni saa kumi jioni. Kamati ikichelewa kujibu swali la msafiri, maduka yatafungwa.

2. KARATASI

Pasipoti iwe na muda wa miezi sita au zaidi kabla ya kwisha. Viza ya biashara huandikwa herufi M, nayo huombwa kwa barua ya mwaliko kutoka China. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike, kwa sababu nchi yetu ni katika zile zinazodaiwa kadi hiyo. Kila karatasi itolewe nakala mbili: moja ikae kwa msafiri mbali na pasipoti yenyewe, nyingine ikae kwa katibu hapa nyumbani.

3. SHERIA YA MGENI

Sheria ya wageni ya China ilianza kutumika Julai 2013. Yafaa msafiri aijue kabla ya kupanda ndege.

Kwanza, mgeni lazima aandikishwe polisi mahali anapolala. Akilala hotelini, hoteli humwandikisha. Akilala kwa rafiki, hana budi kwenda polisi pamoja na mwenyeji wake kabla ya saa 24 kupita. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa mpaka yuan 2,000.

Pili, atembee na pasipoti yake kila siku.

Tatu, akipitisha siku za viza, faini yaweza kuwa yuan 500 kwa kila siku, isizidi yuan 10,000, au afungwe siku 5 mpaka 15.

Nne, na hili tunawaambia hasa vijana: viza ya biashara si ruhusa ya kazi. Atakayekuahidi kazi ya kiwandani kwa viza ya M anakudanganya. Mgeni akishikwa akifanya kazi bila kibali hutozwa yuan 5,000 mpaka 20,000, na anaweza kufungwa. Tena mfanyakazi wa namna hiyo akinyimwa mshahara, anaogopa hata kwenda kushitaki. Sisi wa sendika tunajua maana yake: mfanyakazi asiyeweza kushitaki hana mshahara, ana sadaka ya tajiri.

4. FEDHA

Franka yetu haipokelewi kule. Msafiri huchukua dola, kisha hubadilisha kuwa yuan katika benki. Akiingia China na fedha za kigeni zaidi ya dola 5,000 taslimu, lazima aziandikishe kwa forodha. Asifiche.

Kule watu wengi hulipa kwa simu, kwa WeChat au Alipay, hata mwenye genge la mboga. Tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi zaidi mgeni kuunganisha kadi yake ya benki na simu. WhatsApp kwa kawaida haifanyi kazi katika mtandao wa kule. Kwa hiyo katibu na familia waweke WeChat katika simu zao, na waijaribu, kabla msafiri hajatoka Gatete.

5. KUNUNUA

Kamati iandike inachotaka: mashine ikamue kilo ngapi kwa saa, itumie mazuti au umeme, na vipuri gani vije nayo. Umeme wa nyumbani wa China ni volti 220 kama wetu, ila kichwa cha waya chaweza kutofautiana.

Mapatano yaandikwe, yawe na picha, namba ya mashine, bei, na mhuri wa kampuni. Kule mhuri una nguvu kuliko sahihi ya mtu. Desturi ya wengi ni kulipa sehemu, kama asilimia 30, na kumaliza baada ya kuikagua mashine, kabla haijapakiwa. Fedha iingie katika akaunti ya kampuni, si ya mtu binafsi.

Mzigo wetu ni mdogo, haujazi kontena. Utachanganywa na wa wengine, uende kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha uje Burundi. Ushuru wa OBR na nauli vihesabiwe tangu mwanzo, mashine isije ikakwama njiani kwa kukosa fedha ya kuitoa.

6. MZIGO WA MTU MWINGINE

Msafiri asibebe mzigo wa mtu, hata wa jirani, hata "dawa ya mgonjwa", kama hakuufunga mwenyewe. Kwa sheria ya China, gramu 50 za heroini zatosha kumpeleka mtu kifungo cha miaka 15, cha maisha, au kifo. Kumkatalia mtu mzigo si kukosa heshima.

7. SIKU YA SHIDA

Polisi ni namba 110, gari la wagonjwa 120. Ubalozi wetu uko Beijing, mbali sana na Guangzhou, kwa hiyo namba yake iandikwe katika daftari, si katika simu tu. Tukumbuke Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakiwa na karatasi zote halali. Karatasi peke yake haikuwatosha. Palihitajika watu wa kupaza sauti, na serikali za Afrika zikalalamika. Basi msafiri asikae bila wenzake wanaojua alipolala.

KAZI YA KAMATI

Kabla ya safari, kikundi kikae, kiandike kiasi cha fedha, kitu kitakachonunuliwa, na uwezo wa msafiri wa kuamua mwenyewe bei ikibadilika. Wote watie sahihi. Msafiri apeleke habari kila jioni. Akirudi, asomewe hesabu mbele ya wote, naye apewe karatasi ya kuwa hesabu imekwisha. Karatasi hiyo ndiyo kinga ya jina lake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu, nani anaweka nakala za karatasi?
2. Mashine ikifika mbovu, mtamuuliza nani kwanza: msafiri, muuzaji, au ninyi wenyewe?
3. Kijana wenu ameahidiwa kazi China. Mtamwomba awaonyeshe nini kabla ya kuuza shamba?

Umoja si kuchanga fedha tu. Ni kumlinda yule tuliyemkabidhi.