SOMO LA JIOGRAFIA: INCHI NDOGO KWENYE MEZA YA WAKUBWA

Mara hii tuanzie sokoni. Ndakala tunazonunua hapa Lulimba zinatoka Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa lile si letu peke yetu. Inchi nne zinaligawana: Kongo ina sehemu 45 juu ya 100, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6.

Mtu atasema: "Basi wakubwa wawili waamue, wadogo wafuate." Sivyo. Tarehe 12 Juni 2003, kule Dar es Salaam, inchi zote nne zilitia sahihi mapatano juu ya kulinda ziwa. Kisha zikaunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, na ofisi yake iko Bujumbura, katika inchi ndogo. Mawaziri huamua kwa kukubaliana wote. Hapo Zambia yenye 6 ina sauti sawa na Kongo yenye 45.

Inchi ndogo inapata nguvu wapi? Tushike mambo matatu.

1. Kanuni kwanza. Kabla ya kusemezana juu ya samaki, mpatane namna ya kuamua. Kama sauti inapimwa kwa ukubwa wa inchi, mdogo ameshindwa hata kabla ya kukaa.

2. Kumwonyesha mkubwa kwamba peke yake hawezi. Samaki hawajui mpaka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaa. Sasa, ng'ambo moja ikipumzisha nyavu na ng'ambo ingine ikavua usiku kucha, aliyepumzika amelala njaa bure. Kwa hiyo mkubwa anamhitaji mdogo.

3. Kuja na hesabu. Asiyehesabu mitumbwi na nyavu zake atafuata hesabu ya mwenzake.

Sisi Wakongo tusijivune na ile 45. Maji mengi hayajazi sahani. Tena, ziwa likifungwa miezi mitatu, mvuvi atalisha watoto na nini? Neno hilo pia lifike mezani, na atakayelifikisha vizuri ni mtu aliyesoma na anayejua maisha ya kwao. Pengine ni wewe.

Maulizo:
a) Burundi na Zambia pamoja zina sehemu ngapi za ziwa?
b) Kwa nini inchi moja haiwezi kulinda samaki peke yake?
c) Uliza mama anayeuza ndakala: bei inapanda miezi gani, na sababu ni nini?