Kadi ya ukaazi wa Marekani inakaribia kuisha

Swali: Naishi Minnesota. Kadi yangu ya ukaazi wa kudumu inaisha baada ya miezi minne. Ikiisha kabla sijapata mpya, nitafukuzwa nchini?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kinachoisha ni kadi. Haki yako ya ukaazi inabaki. Hata hivyo usizembee, maana mwajiri mpya na shirika la ndege hutazama tarehe. Jaza fomu I-90 sasa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla. Stakabadhi utakayotumiwa, ukiionyesha pamoja na kadi ya zamani, huongeza muda wake kwa miezi 36. Itunze sana! Ila kama kadi yako ni ya miaka 2, iliyotokana na ndoa, fomu yako ni I-751, ndani ya siku 90 za mwisho. Hapo ukichelewa, ukaazi wenyewe unaweza kupotea. Muone wakili wa uhamiaji mapema.