Nenda Shuleni Saa ya Mapumziko

Wanangu wawili wana usonji, na wanasoma shule mbili tofauti. Mkubwa yuko kwenye kitengo maalumu ndani ya shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Mdogo yuko darasa la kawaida. Majirani huniuliza mbona nimewatenganisha. Hali yao ina jina moja, lakini mahitaji yao hayafanani.

Kwa mkubwa nilikosea. Nilimpeleka shule ya binafsi kwa kuvutiwa na basi, sare na Kiingereza. Nilikwenda kuiona jioni, watoto wameshaondoka, kimya kimetanda. Mihula miwili baadaye nikagundua kwamba anakalishwa kona ya nyuma kutwa nzima na karatasi ya kuchorachora, kwa sababu haongei. Kwenye ripoti waliandika: "Mtulivu." Nililia siku ile.

Sasa shule naikagua asubuhi, kengele ya mapumziko inapolia. Hapo kuna kelele, kusukumana, foleni ya uji, na ratiba aliyoizoea mtoto imekatika ghafla. Simama pembeni utazame ni nani anayemfuata yule aliyeziba masikio. Uliza nani humpeleka chooni. Muulize mwalimu kama amesomea elimu maalumu. Wapo walioisomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Halafu uliza atafanyaje mwanao akijitupa chini. Akikujibu "atazoea tu," shukuru uage. Mwalimu wa sasa wa mkubwa wangu hakusubiri nimuulize. Alianza yeye: "Mama, akichafukwa nyumbani huwa mnamtulizaje?"

Mdogo anaongea na anasoma vizuri, ila kengele inamtisha. Tulikubaliana na mwalimu wake atoke nje dakika tano kabla haijalia. Basi, hakuhitaji kuhamishwa.

Kuhusu gharama, shule za msingi za serikali hazitozi ada, ingawa nauli ya bajaji kila siku inauma. Ipigie hesabu mapema. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma kama wenzake. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha uende nayo halmashauri kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Usimrudishe mtoto nyumbani kabla hujamwona afisa huyo.