"Hapo Tu" ni Kilomita Ngapi?

Muulize mtu wa Mkwaja njia, atanyoosha mkono na kukwambia "hapo tu". Muulize jirani yako hosteli duka liko wapi, naye atakujibu "hapo tu". Neno ni lile lile, ila ukitembea ndiyo utajua tofauti.

Nimeamua kuandika kuhusu jambo hili kwa sababu sisi tunaosomea ualimu tutafundisha skeli ya ramani, na mada hii mara nyingi huishia kwenye kuzidisha na kugawanya. Wenzangu, hoja yangu ni moja: namba peke yake haitoshi kuufanya umbali uwe mfupi. Lazima tuulize umepimwa kwa skeli ipi, unakwenda mara ngapi, na anayekwenda amebeba nini.

Tuanze na ramani

Skeli ni uwiano kati ya umbali wa kwenye ramani na umbali halisi ardhini. Kutoka Mkwaja hadi Pangani mjini, makao makuu ya wilaya, ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 1 ni mita 500, umbali huo ni sentimita 80. Karatasi moja haitoshi, inabidi uunganishe. Hamia ramani ya ukutani ya 1:2,000,000: sasa ni sentimita 2, kidole gumba kinafunika safari nzima. Kwenye ramani ya 1:10,000,000 ni milimita 4 tu. Ardhi haijasogea hata hatua moja, ila mwanafunzi aliyezoea ramani hiyo ya mwisho atakwambia Mkwaja na Pangani zimegusana.

Kuna kingine ambacho mstari ulionyooka hauonyeshi. Mkwaja iko kusini mwa Mto Pangani, na mji uko kaskazini. Watu wamezoea kuvuka kwa kivuko kati ya Bweni na mjini. Kivuko kikisimama, mwenye gari hana "hapo tu" tena: azunguke Segera, Hale na Muheza, zaidi ya kilomita 100. Ndiyo maana mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo una daraja la mita 525 kwenye mto huo. Mita 525 kwenye ramani ya ukutani hazionekani kabisa, lakini ndizo zinazoamua kama Pangani ni karibu au mbali.

Mita 400 za ndoo

Sasa tuje kwenye umbali ambao serikali yenyewe iliupima. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Nani atalalamika?

Tupige hesabu. Kaya ya watu 6 inahitaji lita 150 kwa siku. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni safari 8. Kila safari ni kwenda na kurudi, mita 800. Jumla ni kilomita 6.4 kwa siku, na nusu yake ukiwa na kilo 20 kichwani. Kwa wiki ni kilomita 44.8, zaidi ya ule mstari wa Mkwaja hadi Pangani mjini. Na hapo lengo la sera limetimia. Kuna kaya nyingi ambazo maji yako mbali kuliko hapo.

Mtoto aliyechota ndoo mbili alfajiri ameshatembea kilomita 1.6 kabla hajashika njia ya shule. Akifika amechelewa, mwalimu anamuuliza, "Unakaa hapo tu, kwa nini unachelewa?" Mwalimu huyo anapima kutoka nyumba hadi shule, mara moja, mikono mitupu. Mtoto ametembea umbali mwingine kabisa.

Zoezi la kwenda nalo BTP

Somo la skeli lisiishie ubaoni. Mpe kila mwanafunzi afanye haya:

1. Ahesabu hatua kutoka kwao hadi wanapochota maji, kisha azigeuze kuwa mita.
2. Azidishe kwa safari za siku nzima, kwenda na kurudi.
3. Achore umbali wa safari moja kwa 1:5,000, kisha kwa 1:50,000. Mita 400 zitakuwa sentimita 8, halafu milimita 8.
4. Aandike nani nyumbani kwao anautembea umbali huo.

Swali la nne halina fomula, na marks zake ni ngumu kugawa. Lakini ukiyasoma majibu yake jioni, kesho yake utajua cha kumuuliza anayechelewa.