Somo la Shambani: Mita Tisa za Mraba Zinazoweza Kumwelekeza Mkulima wa Soy

Soy hulima mahindi mara moja kwa mwaka. Mbegu huingia ardhini mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na mavuno huja kuanzia Oktoba. Mkulima akikosea Aprili, hulijua kosa lake wakati wa kuvuna, na nafasi ya kulirekebisha ni mwaka unaofuata. Kuanzia Moi's Bridge hadi Ziwa na Kuinet, familia nyingi hutegemea msimu huo mmoja kwa chakula na karo.

Shamba la shule lina faida ambayo shamba la mzazi halina. Hapo jambo linaweza kujaribiwa kwa kipimo kidogo bila kuhatarisha unga wa nyumba yoyote. Makala haya yanaeleza jinsi darasa la Sekondari Msingi linavyoweza kujifunza Sayansi Jumuishi, Hisabati na Kilimo na Lishe kwa jaribio moja la mahindi, na jinsi jibu lake linavyoweza kumfaa mkulima.

Swali linatoka nyumbani

Sehemu nyingi za Uasin Gishu zina udongo wenye asidi. Mzazi huiona dalili bila kujua jina lake: ametia mbolea, mvua imenyesha, lakini mahindi yanabaki mafupi na majani yanageuka rangi ya zambarau. Baridi pia huweza kuleta rangi hiyo kwa miche michanga, kwa hiyo dalili moja haitoshi. Ni lazima udongo upimwe.

Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni katikati, na kila hatua moja kushuka ni asidi mara 10 zaidi. Udongo wa pH 5 una asidi mara 10 kuliko udongo wa pH 6. Mahindi hustawi vyema pH ikiwa kati ya 5.5 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudhuru ncha za mizizi, na fosforasi hushikwa na udongo hata mmea usiweze kuifyonza. Mkulima amelipia fosforasi ndani ya mfuko wa mbolea, nayo imo shambani, ila mmea hauipati.

Asidi hiyo hutoka wapi? Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesi na kuyapeleka chini. Mavuno na mabua yanayoondolewa shambani huenda na sehemu ya madini hayo. Mbolea ya DAP nayo huchangia: naitrojeni yake iko katika umbo la amonia, na bakteria wa udongo wanapoibadilisha kuwa naitreti, asidi huachwa nyuma. Ikitumika mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kalsiamu, udongo huchoka polepole.

Darasani, mwalimu anaweza kuonyesha maana ya asidi kwa kabichi ya zambarau kutoka sokoni. Majani huchemshwa na maji yake kugawanywa katika vikombe viwili. Tone la ndimu huyafanya yawe mekundu. Maji ya majivu huyageuza kuelekea kijani. Hilo ni onyesho tu. Namba ya udongo wa shamba hutoka katika maabara au kipimo cha pH kilichorekebishwa sawasawa.

Kwa nini jaribio, si maoni

Barabara ya Eldoret hadi Kitale inayopita Soy inaelekea mahali ambapo jaribio la vipande vya shamba lilibadilisha kilimo cha Kenya. Watafiti wa Kitale walivukisha mahindi ya huko na mahindi kutoka Ecuador, wakayapanda kando ya mbegu za kawaida na kupima mavuno. Mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ilitolewa kwa wakulima. Watafiti hao walipanda vitu viwili pamoja, wakavitunza sawa, kisha wakapima. Mwanafunzi wa Soy anaweza kufanya vivyo hivyo.

Swali la darasa ni hili: je, mbolea peke yake inatosha katika udongo wa shule yetu, au unahitaji chokaa pia?

Kupanga vipande sita

Darasa lipime vipande sita, kila kimoja mita 3 kwa mita 3. Njia ya mita 1 iachwe kati yake ili chokaa isipelekwe na maji kutoka kipande kimoja hadi kingine. Vipande vitatu vipewe herufi A: mbolea bila chokaa. Vitatu vipewe herufi B: mbolea ileile, kwa kiasi kilekile, pamoja na chokaa. Mbegu, siku ya kupanda, palizi na mbolea ya kukuzia viwe sawa kote. Kukiwa na tofauti mbili, hakuna atakayejua ni ipi iliyoleta matokeo.

Kwa nini vitatu vitatu? Kwa sababu shamba halilingani. Huku kuna kivuli cha ua wa misonobari, kule maji hutuama, pale palikuwa na kichuguu. Kipande kimoja kikishinda, huenda ni bahati ya mahali. Kwa sababu hiyohiyo, herufi zipangwe kwa kupiga kura, wala si kwa mtu kuchagua mahali pazuri kwa ajili ya B.

Sasa Hisabati inaanza. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo huipa kila mmea mita za mraba 0.225. Kipande cha mita 9 za mraba hubeba mimea 40, na ekari moja, yenye takriban mita za mraba 4,047, hubeba karibu mimea 18,000. Mbegu mbili ziwekwe kila shimo, kisha mche mmoja uachwe.

Kama pendekezo ni mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia kwa ekari, kila shimo linapata karibu gramu 2.8. Wanafunzi wapime kwa mizani kizibo cha soda hubeba gramu ngapi, ndipo wajue wajaze kiasi gani. Mbolea ichanganywe na udongo kabla ya mbegu kuwekwa, isiiguse.

Kiasi cha chokaa hutokana na kipimo cha udongo. Kwa mfano, kipimo kikielekeza tani 1 kwa ekari, kila kipande cha B kitahitaji takriban kilo 2.2. Chokaa inayofaa ni ya kilimo. Chokaa ya kujengea ni kali na huunguza ngozi. Onyesho zuri la darasani ni kudondosha siki juu ya chokaa ya kilimo: hutoa povu, kwa kuwa asidi imekutana na kabonati na kutoa gesi ya kabonidioksidi. Chokaa imwagwe siku isiyo na upepo, watoto wakiwa wamefunika pua na macho, chini ya uangalizi wa mwalimu.

Kupima mvua na wadudu

Mkebe wenye kuta zilizonyooka, ukiwekwa mahali pa wazi mbali na miti, hutosha kuwa kipimo cha mvua. Kila asubuhi mwanafunzi wa zamu husoma kina kwa rula, huandika, kisha humwaga maji. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Paa la darasa la mita 20 kwa mita 8 hupokea lita 1,600 mvua ya milimita 10 inaponyesha. Hesabu hiyo huonyesha kwa nini tangi la maji ya mvua lina maana shuleni.

Tangu mwaka 2017, viwavijeshi vamizi wamekuwa adui wa mahindi nchini. Kiwavi huyo hutambulika kwa alama nyeupe kama Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Kila wiki wanafunzi wakague mimea 20 kwa kila kipande na kuandika mingapi imeshambuliwa. Viwavi waokotwe kwa mkono na kuuawa. Wanafunzi wasiguse dawa ya kunyunyizia. Hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyefundishwa. Shirika la FAO lina programu ya simu iitwayo FAMEWS ya kuandikia ukaguzi wa aina hiyo, na simu ya mwalimu inaweza pia kupiga picha ya kila kipande kutoka mahali palepale kila wiki.

Kilo moja, magunia matano

Wakati wa kuvuna, mahindi ya kila kipande yapukuchuliwe na kukaushwa peke yake, kisha yote yapimwe siku moja. Ukavu unaweza kujaribiwa kwa chumvi. Punje na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu ya kioo, hutikiswa na kuachwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isiponata, mahindi yanakaribia. Kiwango salama cha kuhifadhi na kuuza ni asilimia 13.5. Mahindi mabichi ghalani hukaribisha ukungu na sumu ya aflatoksini.

Kisha darasa litafute wastani wa A na wastani wa B. Ekari moja ni kama vipande 450 vya mita 9 za mraba. Kwa hiyo kila kilo 1 katika kipande ni kilo 450 kwa ekari, yaani magunia 5 ya kilo 90. Kipande kikitoa kilo 4, hayo ni magunia 20. B ikiizidi A kwa nusu kilo tu, tofauti ni magunia mawili na nusu kwa ekari. Wanafunzi walinganishe bei ya magunia hayo sokoni na gharama ya chokaa, usafiri na kazi.

Huenda mwaka wa kwanza tofauti ikawa ndogo, kwa kuwa chokaa hufanya kazi polepole. Vigingi visiondolewe. Vipande vilevile vipandwe tena mwaka wa pili na wa tatu, na daftari lipokezwe darasa linalofuata. Hata matokeo yakionyesha kwamba chokaa haikuongeza kitu, hilo ni jibu, na linamwokolea mzazi pesa.

Kalenda na majukumu

• Novemba hadi Januari: udongo uchukuliwe mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, mbali na ua, jalala la majivu na zizi. Uchanganywe katika ndoo safi, na nusu kilo ipelekwe kupimwa.
• Februari: chokaa ichanganywe na udongo.
• Machi na Aprili: kupanda mvua ikishika. Zamu ya likizo ya Aprili ipangwe mapema na wazazi walio karibu.
• Mei hadi Julai: palizi, mbolea ya kukuzia, vipimo vya kila wiki.
• Oktoba na Novemba: kuvuna, kukausha, kupima na kuandika.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kilimo ni jukumu la kaunti, na shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Pande hizi mbili hukutana katika shamba la shule. Mwalimu mkuu anaweza kumwalika afisa wa kilimo wa wadi aeleze namna ya kuchukua udongo na kusoma majibu ya maabara. Chuo Kikuu cha Eldoret, kwenye barabara ya Ziwa, hufundisha sayansi ya udongo. Klabu za 4-K, ambazo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zinaweza kuubeba mradi nje ya saa za masomo.

Jambo moja lisisahaulike. Kwa miaka mingi jembe shuleni limekuwa adhabu ya waliochelewa au waliopiga kelele. Mtoto aliyelima kwa adhabu hujifunza kuchukia shamba. Vipande hivi viwe somo, na kazi yake igawanywe sawa kwa wote, wavulana na wasichana.

Matokeo yasomwe katika mkutano wa wazazi wa mwisho wa mwaka, na wanafunzi wenyewe, kwa magunia kwa ekari. Mzazi atakayetaka kujaribu nyumbani aanze na kona ndogo ya shamba, udongo wake ukiwa umepimwa, kabla Februari haijafika.